Dereva wa Gari Namba 70

Vijana wangu, habari za mbio za magari huwa zinasimuliwa kuanzia mbele: nani alishinda, alipewa kikombe gani, alimwagiwa shampeni na nani. Leo nawasimulia kuanzia nyuma. Palikuwa na Mmarekani mmoja aliyeshindana mara 653 katika daraja la juu kabisa la mchezo wake, na hakushinda hata mara moja. Mmesoma sawasawa, 653 kwa sufuri. Hakuna dereva mwingine wa daraja hilo aliyeingia uwanjani mara nyingi kiasi hicho akatoka bila ushindi, kwa hiyo ni rekodi, ingawa si ya kutundika ukutani sebuleni. Jina lake J.D. McDuffie. Msicheke kwanza.

Tuanze na mchezo wenyewe. Chama chake kinaitwa NASCAR, na kiliundwa mwaka 1948 huko Daytona Beach, Florida, chini ya bwana mmoja mrefu aliyeitwa Bill France. Wazo lilikuwa jepesi: watu washindane kwa magari kama yale wanayoyaona barabarani, Ford, Chevrolet, Pontiac, ili shabiki akirudi nyumbani aweze kusema, hata langu ni la aina ileile. Baadhi ya madereva wa mwanzo walikuwa wamejifunza mwendo kasi kwa njia isiyo ya halali. Walikuwa wakisafirisha gongo usiku katika milima ya kusini mwa Marekani, taa zimezimwa, polisi nyuma. Ukizoea kukimbia hivyo, uwanja wenye taa na watazamaji ni mapumziko.

Nyinyi mliozoea Safari Rally, gari moja moja likipita na vumbi lake, hapa mambo ni tofauti. Magari thelathini, pengine arobaini, yanaachiliwa kwa pamoja kwenye uwanja wa mviringo, nayo huzunguka yakigeukia kushoto tu mpaka mizunguko mia kadhaa itimie. Kona zimeinuliwa upande wa nje. Pale Daytona mwinuko ni nyuzi 31. Ndani ya gari mna kiti kimoja tu, cha dereva, kilichozungushiwa mabomba mazito ya chuma ili gari likipinduka paa lisimkandamize. Milango haifunguki. Dereva hujipenyeza dirishani, miguu mbele, kisha hufunga wavu mahali ambapo kungekuwa na kioo. Hakuna kipoza hewa. Injini ya silinda nane inatoa joto mbele yake, jua la Agosti linachoma paa, na yeye ameketi humo saa tatu au nne akiwa amevaa ovaroli nzito isiyoshika moto.

McDuffie alizaliwa Desemba 5, 1938, katika jimbo la North Carolina, na maskani yake yalikuwa mji mdogo wa Sanford. Akiwa mtoto alipelekwa Winston-Salem kwenye uwanja wa Bowman Gray, ambao mpaka leo ni kituko: ni uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani uliozungushiwa njia nyembamba ya robo maili. Magari hubanana humo kiasi kwamba kugongana ni sehemu ya burudani. Yule mtoto alitoka pale na ugonjwa usio na dawa. Alikua, akawa hodari kwa spana, na mwaka 1963 aliingia daraja la juu katika uwanja wa udongo huko Myrtle Beach, South Carolina. Gari lake mwenyewe, gereji yake mwenyewe, pesa zake mwenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha mkasa wote.

Katika miaka hiyo madereva walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza waliungwa mkono na viwanda. Ford au Chrysler iliwapa injini, vipuri na mafundi, kwa sababu gari likishinda Jumapili, wauzaji walitarajia wateja Jumatatu. Mfalme wa kundi hilo alikuwa Richard Petty, ambaye mwaka 1967 peke yake alishinda mashindano 27, kumi kati ya hayo mfululizo. Wa pili waliitwa madereva huru. Uhuru wao ulikuwa wa kununua kila kitu kwa mfuko wao. Walijenga injini usiku, wakalivuta gari lao barabarani kutoka jimbo hadi jimbo, wakalala walipopata, na wasaidizi wao walikuwa ndugu na marafiki waliokuja baada ya kazi zao za wiki. Na safari hazikuwa chache: msimu wa 1964 ulikuwa na mashindano 62.

Niruhusuni nikengeuke kidogo, maana kuna mwenzake McDuffie ambaye siwezi kumruka. Desemba 1 ya mwaka uleule wa 1963, huko Jacksonville, Florida, dereva huru aliyeitwa Wendell Scott alimpita Petty zikiwa zimebaki raundi chache, akamaliza wa kwanza. Scott alikuwa mtu mweusi kutoka Danville, Virginia, fundi aliyewahi kuendesha teksi na, ndiyo, aliyewahi kubeba gongo pia. Kusini mwa Marekani wakati huo bado kulikuwa na ubaguzi wa rangi wa wazi. Bendera ya ushindi haikupeperushwa kwake. Akatangazwa Buck Baker, mzungu, naye akapewa kikombe. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshakwenda zao, waandaaji wakasema hesabu ya raundi ilikosewa na kwamba mshindi alikuwa Scott. Pesa alipewa. Kikombe halisi hakukishika mpaka alipofariki mwaka 1990. Familia yake ilikabidhiwa Agosti 2021. Nawaambia haya ili mjue kwamba kule nyuma ya msafara watu hawakuwa na shida za aina moja. McDuffie alikosa pesa. Scott alikosa pesa na haki.

Turudi kwa mzee wetu. Kwa picha mtamtambua kwa sigara nene ya kahawia iliyobanwa pembeni mwa mdomo, nayo haikumtoka. Gari lake kwa miaka mingi lilikuwa na namba 70 ubavuni.

Sasa mtauliza, mtu asiyeshinda anakula nini? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya nimheshimu. Katika mbio hizi kila anayeanza analipwa kitu, wa kwanza sana, wa mwisho kidogo, na katikati hapo kuna ngazi nyingi. Dereva huru alikuwa anapiga hesabu kabla hajakanyaga mafuta. Injini moja ikipasuka inaweza kumeza zawadi za mashindano kadhaa. Kwa hiyo akifukuzana na Petty kwa nguvu zote, huenda akapanda nafasi mbili na akarudi nyumbani na chuma chakavu. Akiendesha kwa akili, akaachia mafuta mapema kidogo kabla ya kona na kuibembeleza injini isizunguke kupita kiasi, magari ya mbele yataanza kufa moja baada ya jingine. Linapasuka la huyu, linagonga ukuta la yule. Bila kumpita mtu, unajikuta wa kumi na mbili. Halafu wa kumi.

Tazameni tairi, mtaelewa zaidi. Tairi la mbio ni laini, halina kashata kama la daladala. Usoni lina vitundu vidogo, na fundi hutumbukiza humo kipimo chembamba kujua mpira umebaki kiasi gani. Timu tajiri ilifunga tairi jipya, ikakimbia raundi chache za mazoezi, ikalivua na kulitupa pembeni. Madereva huru walilinunua hilohilo kwa bei ya chini. Tairi la namna hiyo limeshapata joto na kupoa, limeanza kukakamaa, na kwenye kona halishiki kama jipya. Tofauti kwa raundi moja ni ndogo sana, sehemu ya sekunde. Lakini zidisheni kwa raundi mia tano mwone mtu ameachwa wapi.

Pia palikuwa na adabu ya barabara. Gari la nyuma likikaribia kupitwa na viongozi, mshika bendera humpeperushia dereva wake bendera ya buluu yenye mstari wa njano wa mshazari. Maana yake ni: wenye mbio wanakuja, shika njia yako wapite. Msifikiri ni jambo jepesi. Nyuma yako kuna magari manne yamefuatana bampa kwa bampa, yanakuja kwa kasi zaidi yako, nawe umo katikati ya kona huku tairi zako zimechoka. Ukibabaika ukahama ghafla, unaua watu. Dereva anayepitwa vizuri ni dereva mzuri, ingawa hakuna anayempigia makofi kwa hilo.

Na mwandaaji wa mbio alimhitaji mtu huyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Magari yenye uwezo wa kushinda yalikuwa manane, pengine kumi. Nani angelipa kiingilio kutazama magari manane yakizungukana mchana kutwa? Waliojaza uwanja ni akina McDuffie.

Siku njema alizipata. Mwaka 1971, kwenye uwanja mdogo wa Malta, jimbo la New York, alimaliza wa tatu, na hiyo ndiyo nafasi ya juu kuliko zote alizowahi kufikia. Msimu huo alimaliza wa tisa kwa jumla nchi nzima. Kisha mwaka 1975 ukaletwa utaratibu mpya wa pointi: mshindi wa siku alipata 175, wa pili 170, na kuendelea kushuka taratibu hadi wa mwisho, ambaye naye aliondoka na chochote. Kwa utaratibu huo, mtu anayemaliza kila wiki bila makeke anaweza kumpita mwenye kasi ambaye gari lake halifiki mwisho. Ulikuwa kama umetungwa kwa ajili ya watu wa tabia yake.

Lakini kuna siku moja inayostahili kuelezwa taratibu: Septemba 1978, uwanja wa Dover, jimbo la Delaware. Kabla ya mbio, kila gari hukimbia peke yake na kupimwa muda, ili ijulikane nani ataanza mbele. Uwanja wa Dover una urefu wa maili moja, yaani kilomita 1.6, na kona zake ni kali kiasi kwamba umeitwa zimwi. Karibu timu zote kubwa zilikuwa na matairi ya Goodyear. Kampuni ndogo ya McCreary ilikuwa inajaribu kuingia katika soko hilo, na McDuffie, ambaye hakuwa na la kupoteza, alifunga matairi yao. Akaingia uwanjani peke yake. Hakuna gari lingine, hakuna bendera ya buluu, hakuna wa kumpisha. Akazunguka kwa kasi ya zaidi ya maili 135 kwa saa, kama kilomita 218, akamaliza raundi chini ya sekunde 27.

Hakuna aliyemfikia. Petty hakumfikia. Cale Yarborough, aliyekuwa njiani kutwaa ubingwa wake wa tatu mfululizo, hakumfikia. Jumapili ilipofika, magari yote yalipangwa nyuma ya namba 70, na yule mtu wa nyuma akawa hana mtu mbele yake ila barabara.

Ningependa niwaambie kwamba alishinda. Injini ilimfia mbio zikiendelea, akaondoka kama wiki nyingine zozote. Lakini kuanza mbele siku ile kulimpa mwaliko asioutarajia. Februari 1979 yalianzishwa Daytona mashindano mafupi ya raundi 20, kwa ajili ya wale tu waliowahi kuanza mbele msimu uliopita. Walialikwa madereva tisa. Wanane walikuwa majina yanayojulikana nchi nzima, wa tisa alikuwa McDuffie na sigara yake. Alishinda Buddy Baker. McDuffie alikuwa wa tisa. Na bado nasema, jaribuni kufikiria ni madereva wangapi wa Marekani waliozitazama mbio zile wakatamani wawe wa tisa.

Juma lililofuata lilibadili mchezo. Mbio za Daytona 500 zilionyeshwa kwenye televisheni mubashara mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza, siku ambayo theluji ilikuwa imewafungia watu wengi majumbani. Raundi ya mwisho viongozi wawili waligongana, wakatoka garini na ngumi zikarushwa. Nchi nzima ikaona. Baada ya hapo zikaja pesa nyingi za wadhamini, na pesa zilipokuja zilikwenda kwa waliokwisha kuwa nazo. Timu kubwa zikaajiri wahandisi, mafundi wa injini peke yake, mafundi wa bodi peke yake. McDuffie aliendelea na wasaidizi wachache na wadhamini wadogo, akiwemo mwenye duka la samani. Pengo likawa bonde. Miaka ya themanini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mara nyingi alifunga safari ndefu na gari lake, akapimwa muda, akaambiwa hakufuzu, akarudi Sanford bila hata kuanza.

Mwaka 1988, katika mbio za mchujo huko Daytona, gari lake liliwaka moto akiwa hana glavu. Mikono iliungua vibaya. Watu wazima wenye busara wangesema, basi yatosha. Alipona, akarudi.

Hapa lazima niseme ninavyoona. Kuna wanaomsimulia McDuffie kama shujaa asiyekata tamaa, na kuna wanaomsimulia kama king'ang'anizi aliyepaswa kuuza gari lake mapema. Mimi naona wote wanaikwepa hesabu. Mtu aliyemaliza ndani ya kumi bora mara 106, kwa tairi zilizovuliwa na wengine, alikuwa fundi na dereva wa hali ya juu. Na mchezo uliomhitaji kwa miaka ishirini na minane ulikuwa na uwezo wa kumlipa vizuri zaidi.

Agosti 1991 alikwenda Watkins Glen, New York. Uwanja huo si wa mviringo. Una kona za kulia na kushoto, na sehemu moja ndefu iliyonyooka ambako magari hushika kasi kubwa kabla ya kukanyaga breki na kukata kulia. Kona hiyo, ya tano, ilikuwa na sifa mbaya. Wiki chache tu nyuma dereva Tommy Kendall alikuwa amevunjika miguu hapohapo katika mashindano mengine.

Jumamosi usiku, Agosti 10, McDuffie alipita katika mji wa jirani wa Owego, kwenye uwanja mdogo wa Shangri-La, akakimbia mbio za maonyesho. Akashinda. Hazikuwa za daraja la juu na haziingii kwenye zile 653, lakini zilikuwa mbio, na aliyefika wa kwanza alikuwa yeye.

Kesho yake, katika raundi ya tano, alipokuwa anaikaribia kona ya tano, kitu kilivunjika upande wa mbele kushoto na gurudumu likachomoka. Gari halikuweza kusimama. Lilivuka majani, likagonga ukingo uliopangwa matairi, likaruka na kuanguka paa chini. Jimmy Means, dereva huru kama yeye na rafiki wa miaka mingi, naye aliteleza mpaka palepale. Means alitoka garini mwake, akachungulia dirishani kwa mwenzake, kisha akaanza kuwapungia waokoaji kwa mikono miwili waje haraka. McDuffie alikuwa ameshafariki. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Mwaka uliofuata, 1992, wenye uwanja walikata njia ile ndefu na kuweka kona za kupunguza mwendo kabla ya kona ya tano. Madereva wote wanaokimbia hapo siku hizi, matajiri kwa maskini, hulazimika kukanyaga breki mapema.

Rekodi ya 653 haijavunjwa. Mkipata nafasi ya kutazama mbio hizi kwenye televisheni, wapigieni makofi washindi, wanastahili. Kisha litafuteni gari la mwisho, mlifuate kwa macho raundi kumi tu, mwone dereva wake anavyowapisha wenye kasi bila kumgusa hata mmoja. Mpigieni makofi na huyo.